Nani Ameshika Lango la Maji?

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliokubali kukaa hapa mchana huu kumsikiliza mtu akizungumzia tope: ahsanteni.

Nimesema tope kwa makusudi. Katika mafaili ya serikali nyingi ardhi ya mboji imeandikwa hivyo kwa miaka: kinamasi, pori lisilofaa, eneo lisilotumika. Neno likishaingia kwenye faili huwa limekwisha kuamua nusu ya jambo. Eneo "lisilotumika" litatafutiwa matumizi, na wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kulikausha.

Mimi ni mtu wa sheria za ardhi, si wa udongo, kwa hiyo mboji niliisoma kwenye karatasi kabla ya kuishika. Siku niliyoishika, wenzetu wa sayansi walizamisha chuma kirefu chenye kijiko ubavuni, wakakizungusha, wakakivuta juu. Kilichotoka kilikuwa cheusi na laini, na ndani yake niliona vijiti na nyuzi ambazo bado ungeweza kuzitambua: hili lilikuwa jani, huu ulikuwa mzizi. Nikachukua fumba moja nikalikamua. Maji ya hudhurungi yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na kilichobaki kiganjani hakikufika robo ya nilichokuwa nimekishika.

Msiichanganye na ile mboji ya bustani inayotokana na takataka zilizooza. Hii ni kinyume chake: ni mimea iliyoshindwa kuoza kwa sababu imekaa ndani ya maji, na maji yameizuia hewa kuifikia. Hujengeka taratibu mno, takribani milimita moja kwa mwaka. Kipande cha shubiri moja ni kazi ya karne mbili. Ardhi ya namna hii ni asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini imehifadhi kaboni nyingi kuliko misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Ukiyaondoa maji, hewa inaingia, na kile kilichosubiri maelfu ya miaka kinaanza kuoza siku hiyohiyo. Kadiri ya asilimia 12 ya ardhi ya mboji duniani imekwisha kukaushwa au kuharibiwa, na sehemu hiyo peke yake hutoa karibu asilimia 4 ya gesijoto zote zinazosababishwa na binadamu.

Na ardhi yenyewe hushuka. Kule Holme Fen, mashariki mwa Uingereza, katikati ya karne ya 19 walipokausha ziwa na kinamasi kilicholizunguka, walizamisha nguzo ya chuma mpaka ncha yake ikawa sawasawa na uso wa ardhi, ili waone kitakachotokea. Leo nguzo ile imesimama mita 4 hewani. Haijasogea hata kidogo. Ni nchi iliyoteremka ikaiacha.

Sasa, kurudisha maji si kazi ya kushinda akili. Unaziba mtaro. Unatumia magogo, mbao, mifuko ya udongo, au mboji yenyewe iliyoshindiliwa. Maji yanapanda, moto unakosa pa kushika, uozaji unapungua. Wapo watakaowaambia kwamba ardhi ikiloweshwa upya hutoa methani. Ni kweli, hutoa, hasa miaka ya mwanzo; lakini methani hudumu angani kwa miaka kumi na kitu tu, ilhali hewa ukaa inayotoka kwenye mboji kavu hurundikana mwaka hadi mwaka. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi anayeitoa ana mtaro.

Kwa hiyo kama kazi ya mikono ni nyepesi, ugumu uko wapi? Mimi nasema uko kwenye swali moja: nani ana mamlaka ya kuamua maji yakae kina gani? Ardhi tumeigawa vipande, kila kipande na hati yake, leseni yake, wizara yake. Mboji haijagawanyika. Ni mwili mmoja uliojaa maji, na ukiutoboa upande mmoja unavuja wote. Mimi nikiziba mtaro wangu na jirani akaacha wake wazi, maji yangu yatamfuata yeye. Nikiziba vizuri sana, shamba lake litafurika na atanishtaki. Maji hayasomi hatimiliki.

Niwapeleke Indonesia, maana huko ndiko swali hili limeulizwa kwa gharama kubwa kuliko kwingine. Mwaka 1995 Rais Suharto aliamuru hekta milioni moja huko Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga. Ilichimbwa mifereji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4,000. Mpunga ukakataa; mboji ya huko ina asidi nyingi na rutuba haba, jambo ambalo wenyeji hawakuhitaji mtafiti kulijua. Suharto akaondoka madarakani mwaka 1998, mradi ukafutwa. Mifereji haikufutwa. Iliendelea kunyonya maji usiku na mchana bila waziri, bila bajeti, bila meneja. Sijawahi kuona sera ya serikali iliyotekelezwa kwa uaminifu hivyo baada ya kufutwa.

Mwaka 2015 ukaja ukame wa El Niño, na nchi ile ikawaka. Ziliteketea takribani hekta milioni 2.6, kama theluthi moja ikiwa mboji, ambayo huungua chini kwa chini, wiki baada ya wiki, mpaka mvua inyeshe. Moshi ulivuka bahari ukafika Singapore na Malaysia. Benki ya Dunia ilikadiria hasara ya dola bilioni 16. Januari 2016 Rais Joko Widodo akaunda wakala maalumu wa kurejesha ardhi ya mboji, uliowajibika kwake moja kwa moja, ukiwa na lengo la hekta milioni 2 katika mikoa saba.

Hapa ndipo mwanasheria anapotoa miwani yake. Sehemu kubwa ya ardhi iliyolengwa ilikuwa ndani ya leseni za kampuni za michikichi na za miti ya karatasi. Ndani ya leseni, mwenye wajibu wa kurejesha ni kampuni, na anayeisimamia kampuni ni wizara. Wakala wa rais, pamoja na ukaribu wake wote na Ikulu, humo haukuwa na rungu. Ulifanya kazi kwa bidii vijijini, ukajenga vizibo kwa maelfu, lakini kizibo cha kijiji kikiwa kwenye mguu wa kuba la mboji, yaani ule mwinuko wa mboji iliyorundikana katikati, na mfereji wa kampuni ukiwa juu kwenye mwinuko huo, mnafahamu maji yatasikiliza upande gani.

Kulikuwa pia na kanuni nzuri kwenye karatasi. Kanuni ya mwaka 2014, iliyorekebishwa 2016, inasema maji yasishuke zaidi ya sentimita 40 chini ya uso wa mboji; yakishuka, ardhi hiyo huhesabiwa kuwa imeharibika. Wanasayansi walilalamika kwamba hata kwa sentimita 40 mboji bado inaoza, na kampuni zililalamika kwamba miti yao haiwezi kustawi. Kanuni inayolalamikiwa na pande zote mbili huwa najisikia kuitetea kidogo, walau kwa sababu ina namba. Namba inapimika.

Lakini inapimwaje? Kuna bomba jembamba la plastiki lenye vitundu, limesimikwa kwenye mboji. Mtu anakuja na futikamba, anaishusha ndani, anasikiliza au anatazama palipolowa, anaandika namba kwenye daftari. Basi. Serikali nzima ya mboji, pamoja na mawaziri na mikataba ya kimataifa, imesimama juu ya daftari lile. Na yule mtu, ndani ya eneo la leseni, ni mwajiriwa wa kampuni, na ripoti inayokwenda wizarani ni ya kampuni. Sisemi anadanganya. Nasema hakuna nchi inayomwachia mlipakodi ajikadirie mwenyewe kisha ikafunga ofisi ya ukaguzi.

Na kabla hatujamaliza Indonesia: mwaka 2020 serikali ileile ilitangaza mpango mpya wa mashamba makubwa ya chakula, na sehemu yake ikapangwa palepale kwenye ardhi ya ule mradi wa Suharto. Wizara moja inaziba, nyingine inachimba. Hii si ajabu ya Indonesia peke yake. Ukikuta serikali ambayo wizara yake ya kilimo na ya mazingira zinatumia ramani moja, niite nije nipige picha.

Wenzetu wa Uholanzi angalau swali la nani mwenye lango walilijibu zamani, tangu karne za kati. Wana bodi za maji, mamlaka za eneo ambazo wananchi huzipigia kura, na zina uwezo wa kutoza kodi. Bodi hutoa uamuzi rasmi wa kiwango cha maji, eneo kwa eneo, na mtu anaweza kuupinga mahakamani. Ukiniuliza mimi, hicho ni chombo ambacho kila nchi yenye mboji ingepaswa kukionea wivu. Lakini chombo kizuri hufuata mkono ulioshika mpini. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kwamba maji hufuata matumizi: mfugaji akitaka malisho makavu, bodi inashusha maji, ardhi inashuka kwa kukosa maji, malisho yanalowa tena, bodi inashusha tena. Mteremko huo umeendelea kwa vizazi, mpaka nguzo za mbao zilizobeba nyumba za zamani zimepata hewa na kuanza kuoza. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kugeuza kanuni: sasa maji na udongo ndivyo viongoze matumizi. Miezi michache baadaye, Machi 2023, chama kipya cha wakulima kilivuna ushindi mkubwa kwenye uchaguzi wa mikoa na kupata viti vingi kwenye bodi hizohizo za maji. Ndiyo demokrasia. Anayedhani mita ya maji haina chama, aende akaangalie karatasi zile za kura.

Wakulima wale si wajinga wala si maadui. Waliambiwa na serikali, kizazi baada ya kizazi, kausha, na walilipwa kukausha. Kwa miaka mingi ruzuku za kilimo za Umoja wa Ulaya zilitolewa kwa hekta ya mboji iliyokaushwa, wakati mkulima aliyeiacha ilowe akaotesha matete ya kuezekea alikuwa hatarini kupoteza ruzuku hiyo kwa sababu matete hayakuhesabiwa kuwa zao. Huko Scotland, miaka ya 1980, matajiri walipewa unafuu wa kodi wakapanda misonobari na miti ya namna hiyo juu ya mboji ya Flow Country, wengine bila hata kuliona shamba lenyewe. Waziri wa fedha wa Uingereza, Nigel Lawson, aliufuta unafuu huo kwenye bajeti ya 1988. Leo fedha za umma zinalipa kuing'oa miti ileile na kuziba mitaro ileile, na mwaka 2024 eneo hilo limeingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mlipakodi amelinunua tope mara mbili.

Ndiyo maana naamini hesabu ya kwanza ya kurejesha mboji haifanyiki porini. Hufanyika kwenye kitabu cha ruzuku. Futa malipo ya kukausha kabla hujaanza malipo ya kulowesha, la sivyo unajaza pipa lililotoboka.

Sheria ya Ulaya ya kurejesha mazingira asilia, ya mwaka 2024, imeweka malengo: asilimia 30 ya mboji iliyokaushwa kwa kilimo iwe imeanza kurejeshwa ifikapo 2030, na angalau robo ya hiyo iloweshwe kwa maji. Sheria ilikaribia kufa. Tarehe 17 Juni 2024 kwenye baraza la mawaziri wa mazingira, waziri wa Austria, Leonore Gewessler, alipiga kura ya ndiyo ilhali chama cha kansela wake kilisema hana mamlaka hayo na kikatangaza kumshtaki. Nchi zilizokubali zilibeba asilimia 66 ya watu wa Umoja huo. Kinachotakiwa ni 65. Bila mkono wa mwanamke yule mmoja leo tungekuwa tunazungumza lingine. Na bado, katika sheria hiyohiyo, kulowesha ni hiari kwa mkulima na mwenye ardhi binafsi. Serikali ina wajibu, mwenye shamba hana. Pengo la katikati litazibwa na fedha au halitazibwa.

Fedha zenyewe si jibu la kila kitu, na hapa Ireland ina la kutufundisha. Kule familia nyingi zina haki ya kurithi ya kuchimba mboji ya kuotea moto, kila familia na kipande chake. Uchimbaji ulipopigwa marufuku kwenye maeneo 53 yaliyohifadhiwa chini ya sheria ya Ulaya, serikali ilitoa fidia ya euro 1,500 kwa mwaka kwa miaka 15, au kuhamishiwa kwingine. Wengi walipokea. Wengine walikwenda na mashine zao wakachimba mchana kweupe. Mmoja wa vinara wao, Luke Flanagan, alichaguliwa bungeni mwaka 2011, baadaye akaingia Bunge la Ulaya. Kilichowaudhi watu wale hakikuwa kiasi cha fidia tu. Walihoji kwa nini kampuni kubwa ya serikali imechimba mboji kwa mashine kwa miongo, ikilishia mitambo ya umeme, huku mzee mwenye koleo akifuatwa na ndege za doria. Kampuni hiyo ilikuja kutangaza kuacha kabisa kuvuna mboji Januari 2021. Mpangilio ulikuwa umepinduka: mnyonge alianza kufungiwa mlango, mkubwa akafuata baada ya muongo. Ukianza na mwenye koleo, jiandae kushindwa na mwenye koleo, na nitaelewa nikimwona anashangiliwa.

Rwanda nako kuna kisa cha Rugezi, kinamasi cha mboji cha milimani kaskazini mwa nchi. Kilipofunguliwa mitaro na kulimwa, maji ya ziwa Burera yalishuka, na kituo cha umeme cha Ntaruka kinachotegemea maji hayo kikapunguza uzalishaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ikaingia kwenye uhaba mkubwa wa umeme. Serikali ikapiga marufuku kilimo na mitaro ndani ya kinamasi, maji yakarudi. Ni mafanikio ya kweli, na yamepewa tuzo. Ila aliyelipa gharama ya mwanzo ni yule aliyekuwa na kijishamba ndani ya kinamasi, na umeme uliookolewa haukuwa umefika kwake. Mkono mtupu haulambwi. Na nchi hiyohiyo ikaja kujenga mitambo ya umeme inayochoma mboji kutoka vinamasi vingine. Siwacheki, taifa lenye uhaba wa umeme hutazama kila lilicho nacho. Naonyesha tu kwamba "kulinda mboji" si msimamo ambao nchi huuchukua mara moja ikamaliza.

Bonde la Kongo ni habari nyingine, kwa sababu kule mboji bado imelala ndani ya maji yake. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha ramani ya kwanza: zaidi ya kilomita za mraba 145,000 katika Kongo zote mbili, zikiwa na tani bilioni 30 hivi za kaboni. Mwaka uliofuata nchi hizo mbili pamoja na Indonesia zilitia saini Azimio la Brazzaville la kuilinda. Julai 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikanadi vitalu 30 vya mafuta na gesi, baadhi vikiangukia juu ya mboji. Oktoba 2024 mnada wa vitalu vya mafuta ukafutwa. Wapiga kelele wa mbali walidai Kinshasa imeokoa dunia. Mimi nilisoma tangazo nikaona limelalamikia uchache na upungufu wa zabuni. Kilichofutwa na soko, soko laweza kukirudisha. Ninachokitegemea zaidi ni kitu kisicho na vichwa vya habari: kanuni ya mwaka 2014 inayoruhusu jamii kupewa msitu wao wa asili, hadi hekta 50,000, bila ukomo wa miaka. Kijiji chenye karatasi hiyo kina pa kusimama, leo anapokuja mtu wa mafuta na kesho anapokuja mtu wa biashara ya hewa ukaa. Huyo wa pili naye aulizwe maswali yaleyale: nani ameshika lango, nani anasoma bomba, fedha zikija zinaingia akaunti ya nani.

Nimalizie na jambo dogo ambalo wafadhili hulipita kwa haraka. Kwa mtu wa kijiji cha kwenye mboji, mfereji ni barabara. Hupita humo kwa mtumbwi kwenda shambani, kuvua, kumpeleka mgonjwa. Mradi unafika, unajenga kizibo, unapiga picha, unaondoka. Wiki ya pili kizibo kina tundu. Ripoti itaandika "uharibifu wa makusudi". Walipokaa na wenyeji kwanza, vizibo vilijengwa na mwanya katikati, upana wa mtumbwi, ukingo wake ukiwa kwenye kina ambacho maji yanatakiwa kubaki. Mwanya ule ni uamuzi wa kiwango cha maji, umefanywa na watu wanaopita juu yake kila siku. Sasa unahitaji mtu wa kuuangalia mbao zikioza, miaka mitano, kumi, ishirini baada ya mradi kufungwa, na mshahara wake uwe kwenye bajeti ya kudumu ya mamlaka fulani yenye jina. Nimesoma mipango mingi ya urejeshaji. Kipengele cha mshahara huo huwa nakitafuta kwanza, ukurasa wa mwisho wa jedwali la gharama, na mara nyingi huwa nafunga kitabu bila kukiona.

Mwenyekiti, naona umeshaitazama saa yako mara ya pili. Walioandika maswali kuhusu mikataba ya hewa ukaa waje nayo mbele. Yale ya methani ninaomba mniachie mwisho.